Barua ya wazi: Korosho ibanguliwe kabla ya kupanda meli

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Bodi ya Korosho Tanzania,
Waheshimiwa wabunge wa mikoa ya Kusini.

YAH: UZITO WA UCHUMI WA ASIA NA GUNIA LETU LA KOROSHO

Waheshimiwa,

Siku ya mnada hapa kwetu Newala, asubuhi hakuna anayekwenda shamba. Tunakusanyika kwenye uwanja wa ghala kabla jua halijakaza: wazee kwenye mabenchi ya chama cha ushirika, sisi wanawake kwenye mikeka, vijana juu ya pikipiki zao. Zamani zabuni zilifunguliwa bahasha moja moja mbele ya macho yetu. Siku hizi mnada unaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa, tunatazama kwenye skrini: jina la kampuni, tani inazotaka, bei. Kisha anasimama kiongozi wa chama kikuu, anataja bei ya juu na bei ya chini, anauliza, "Wakulima, tunauza au hatuuzi?" Msimu uliopita, skrini ikiwa bado haijawashwa, mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu alipaza sauti akamwuliza katibu: "Vietnam leo wameamkaje?"

Hakuna aliyecheka. Siku ile hapakuulizwa swali la maana kuliko hilo. Mzee yule hajawahi kuvuka hata Ruvuma, lakini anajua kwamba bei ya gunia lake haipangwi Newala, wala Mtwara, wala Dodoma.

Mimi ni mkulima. Nina shamba la mikorosho nililoachiwa na mama, na ni mtunza hazina wa kikundi cha wanawake kumi na wanane tunaobangua korosho. Nawaandikia nikiwa na mambo hayo mawili mikononi, gunia la korosho ghafi na karanga, yaani korosho iliyotolewa ganda, na ninayoyasema yanatoka huko.

Kila siku redio inatuambia Asia imepanda. China iliipita Japani mwaka 2010 ikawa ya pili kwa ukubwa wa uchumi duniani. India ikaipita Uingereza mwaka 2022, nchi iliyowatawala wao na sisi. Shirika la Fedha la Kimataifa linasema karibu asilimia 60 ya ukuaji wa uchumi wa dunia sasa inatoka Asia na Pasifiki. Wengi wetu tukisikia hayo tunawaza maghorofa ya Shanghai, simu, magari ya umeme. Mimi nawaza gunia. Sehemu ya kupanda kule, ndogo lakini ya kweli, ni kazi ambayo ingefanyika hapa, tuliyoishona ndani ya magunia kwa sindano na kamba, tukaipakia melini.

Naomba tuitazame Vietnam, maana ndiyo inayotuhusu kuliko zote. Mwaka 1986 nchi ile ilikuwa imechoka. Ilitoka vitani ikaingia kwenye njaa, maduka ya ushirika hayana bidhaa, bei zinapaa kila wiki. Sisi tuliokuwa wadogo enzi za foleni za sukari na sabuni tunaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Mwaka huo chama chao tawala kilianza mageuzi wanayoyaita Doi Moi. Mwaka 1990, kwa takwimu za Benki ya Dunia, pato la Mvietnam mmoja lilikuwa dogo kuliko la Mtanzania. Leo limepita dola 4,000 kwa mwaka, na letu liko kwenye dola elfu moja na kidogo. Wao si watu tofauti na sisi, na mkorosho hakuuumba Mvietnam. Ni mti wa Brazil ulioletwa na Wareno kwetu na India, ukafika na kwao vilevile.

Walichofanya kwenye korosho kinastahili kusomwa na kila ofisa anayeshika faili la zao hili. Walianza kwa kuuza ghafi, kama sisi. Kisha wakajenga viwanda, vingi vikiwa vidogo, vya familia, huko katika uliokuwa mkoa wa Binh Phuoc na mikoa ya jirani. Mafundi wao hawakungoja mashine kutoka Ulaya. Walitengeneza zao wenyewe: za kuchemsha kwa mvuke, za kukata ganda, baadaye za kuondoa utando na za kupanga madaraja. Mashine ikiharibika, fundi yuko mtaa wa pili. Mwaka 2006 waliipita India wakawa wa kwanza duniani kwa kuuza korosho karanga. Korosho za mashamba yao hazikutosha kulisha viwanda, wakaanza kununua za Afrika: Ivory Coast, Ghana, Nigeria, kwetu. Mwaka 2024 waliuza nje karanga za thamani ya zaidi ya dola bilioni 4. Nchi inayoongoza duniani kwa kuuza korosho iliyobanguliwa inategemea korosho za watu wengine.

Sasa naomba tufungue hilo gunia.

Gunia la kilo 80 likibanguliwa linatoa karanga kilo 20 hivi, kutegemea ubora. Maana yake, katika kila meli inayong'oa nanga Mtwara ikiwa imejaa korosho ghafi, karibu robo tatu ya mzigo ni maganda. Tunasafirisha maganda kuvuka Bahari ya Hindi. Na huko yanakofika hayatupwi. Yanakamuliwa mafuta yanayotumika kwenye rangi na kwenye breki za magari, na makapi yake yanachomwa kuendesha boila za viwanda vilevile. Hiyo gharama ya kubeba maganda inakatwa kwenye bei ya nani? Mnunuzi anapoandika bei yake kwenye mnada ameshapunguza nauli ya meli. Anayeilipa ni yule mzee aliyekaa nyuma yangu.

Na kazi yenyewe ni hii. Korosho inaanikwa, inachemshwa kwa mvuke, inalala usiku kucha ipoe. Asubuhi unakaa kwenye mashine ya kukata: mkono mmoja unaweka korosho katikati ya visu viwili, mguu unakanyaga, ganda linapasuka, mwenzako wa pembeni anachomoa karanga kwa ncha ya kisu. Moja moja. Ukikanyaga kwa hasira karanga inavunjika, na iliyovunjika bei yake ni nyingine kabisa. Maji ya ganda yanachoma. Tunajipaka mafuta ya nyonyo viganjani na bado vidole vinakuwa vyeusi, ngozi inabambuka kama ya mtu aliyeungua. Karanga zikitoka tanurini utando wake mwekundu unalegea, ndipo wanakaa wamenyaji na visu vidogo, wanaumenya bila kukwangua nyama. Mwisho kupanga: nzima huku, vipande kule, zile za daraja la W320 ambazo ndizo zinazotembea zaidi sokoni unazitambua kwa jicho baada ya mwezi mmoja wa kazi. Mwanamke aliyezoea hazihesabu, anazijua.

Kazi hii ni ngumu, sitaki mtu aidhanie. Lakini ni mshahara unaolipwa Februari, Machi na Aprili, wakati fedha za mnada zimeshakwisha na ada za shule zinadaiwa. Kina mama wa kikundi chetu, sita kati yao wajane, hawajapata fedha nyingine ya namna hiyo katika maisha yao.

Nasema hivi kwa kuwa mama yangu aliijua kazi hiyo kabla yangu. Miaka ya sabini serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vingine vikiwa na mashine za Kiitaliano, vingine za Kijapani. Mama aliajiriwa kwenye kimoja. Alikuwa na sare, alikuwa na kitambulisho chenye picha, na king'ora cha saa moja asubuhi kilisikika mpaka kijijini. Bahati mbaya, viwanda vilikuja korosho zikiwa zinaondoka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000. Msimu wa 1986/87 tulivuna tani kama 16,500. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali na msituni. Bei kwa mkulima ilikuwa ndogo. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, maua yakakauka juu ya miti. Mashine kubwa zilizotaka mzigo mkubwa zikabaki na njaa. Mama alirudishwa nyumbani. Viwanda vikaja kubinafsishwa, na vingi kati yake havikubangua tena. Vikawa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Nimewahi kuingia kwenye jengo moja la namna hiyo kupeleka magunia ya chama. Sakafuni bado yanaonekana matundu ya nati mahali mashine zilipokuwa zimefungwa.

Basi si kweli kwamba hatukujaribu. Tulijaribu mapema kuliko Vietnam. Tofauti ni kwamba wao walianza na mashine ndogo wanazozimudu, wakahakikisha korosho inamfikia mbanguaji na fedha ya kuinunulia anayo. Sisi tulianza na jengo.

Kuna wanawake wengine nisiopenda wasahaulike katika habari hii, nao ni wa Kollam, kwenye jimbo la Kerala, India. Kwa miongo mingi korosho za Kusini mwa Tanzania zilikwenda kwao. Ndio waliozibangua bibi zetu walipozivuna. Wamekaa chini kama tunavyokaa sisi, viganja vyeusi kama vyetu. Vietnam ilipoleta mashine na kununua ghafi kwa bei ya juu, viwanda vingi vya Kerala vilifungwa na wanawake wale wakarudi nyumbani kama mama yangu. Kwa hiyo uzito wa Asia haukukaa mahali pamoja, unahama hata ndani ya Asia yenyewe. Uliohama Kollam ukaenda Binh Phuoc unaweza kuhama tena, na sioni kwa nini usifike Newala, Tandahimba, Masasi au Ruangwa.

Huku Kusini tunajua pia maana ya kutegemea mnunuzi mmoja. Mtakumbuka mbaazi. Agosti 2017 serikali ya India, baada ya wakulima wake kuvuna sana, iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake. Ulikuwa uamuzi wa nchi inayolinda watu wake, na siwalaumu. Lakini huku Masasi na Nachingwea bei ilianguka mpaka watu wakaona gharama ya kuvuna ni kubwa kuliko mbaazi yenyewe, wakaacha ng'ombe waingie shambani. Kikao kimoja New Delhi, na nyumba nyingi huku zikabaki bila bati mwaka ule. Hatukuwa na kinu cha kutosha kukoboa mbaazi zile, wala soko la pili la kuzipeleka. Korosho yetu imekaa katika hali hiyohiyo, ila hatukuisikia wakati bei ilipokuwa nzuri.

Na ilikuwa nzuri kweli, lazima niseme haki. Msimu wa 2024/2025 tulifungua na bei iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo, na nchi ikavuna zaidi ya tani laki tano, ambazo hadi msimu ule hazikuwa zimepata kufikiwa. Salfa, dawa ya ubwiriunga, tumeipata bila kulipa. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka mazao ghalani kwa risiti mpaka yauzwe mnadani, pamoja na lawama zake zote, imempa mkulima nguvu ya kusema "hatuuzi." Watafiti wa kituo cha Naliendele wametupa miche inayozaa mapema. Meli zinapakia Mtwara, na vijana wa pale wanapata vibarua ambavyo zamani vilikwenda Dar es Salaam. Anayesema serikali haijafanya kitu kwenye zao hili hajakaa huku.

Ila tani laki tano za ghafi ni fahari ya mkulima na ni chakula cha kiwanda cha mwingine. Kadiri tunavyovuna zaidi bila kubangua, ndivyo tunavyozidi kuijenga Binh Phuoc.

Hapa nataka nizuie kitu kimoja mapema, kwa sababu najua maofisini kinazungumzwa: kufunga mauzo ya korosho ghafi kwa amri. Tafadhalini, msifanye hivyo. Tuliuona msimu wa 2018. Bei za mnada zilishuka, wakulima tukagoma kuuza, na Novemba Rais Magufuli akaamuru serikali inunue yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba. Malori ya jeshi yalipita hapa usiku na mchana, watoto wakiyahesabu. Nia ilikuwa njema, na wako waliolipwa wakafurahi. Lakini viwanda vya ndani havikuwa na uwezo wa kubangua mzigo ule, korosho zikakaa maghalani miezi na miezi zikipoteza ubora, na wakulima wengi waliingia msimu uliofuata bila fedha ya palizi. Mkifunga lango la ghafi kabla viwanda havijasimama, atakayeumia ni mkulima, na mkulima akiumia anaacha kupulizia dawa, mavuno yanashuka, na viwanda vyenyewe vinakosa malighafi. Tumeshapita kwenye duara hilo mara moja.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma walipitia upande wa pili wa kosa hilo. Miaka ya tisini Benki ya Dunia iliwapa Msumbiji sharti la kupunguza ushuru wa korosho ghafi. Ghafi ikatoka kwenda India, viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Baadaye Bunge lao likapandisha tena ushuru, na taratibu viwanda vidogo vikaanza kuota Nampula. Ushuru ule uliwafaa kwa sababu kulikuwa na mbanguaji wa kulindwa nao.

Sisi ushuru tunao. Korosho ghafi ikitoka nje inatozwa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Ni fedha nyingi, na inatoka jashoni mwetu kwa sababu mnunuzi anaitoa kwenye bei. Zamani sehemu kubwa ya fedha hiyo ilirudi kwenye zao. Mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria, ikaelekezwa yote Mfuko Mkuu wa Serikali, na baadaye ikabidi tubembeleze sehemu yake irudi. Waheshimiwa wabunge wa Kusini, mlisimama vizuri wakati ule na nawakumbuka. Simameni tena, lakini safari hii msiombe salfa peke yake. Ombeni fungu la ubanguaji lenye jina lake kwenye sheria, lisiloweza kuhamishwa.

Fungu hilo litumike kwenye nini? Nitaeleza kwa yaliyotupata.

Kikundi chetu kina mashine sita za kukata, tanuri moja na chumba cha kumenyea tulichokijenga kwa michango. Tunaweza kubangua mwaka mzima. Tunabangua miezi miwili na nusu, kisha tunazifunika mashine kwa khanga mpaka mwakani. Kinachotukwamisha ni korosho. Minada ni Oktoba mpaka Januari, na mnunuzi analipa ndani ya siku chache. Kampuni kubwa inakuja na fedha iliyokopwa nje kwa riba ndogo. Sisi tulikwenda benki moja mwezi wa nane, tukiwa na barua ya kijiji na mahesabu ya miaka mitatu niliyoyaandika kwa mkono wangu. Tukaambiwa tulete hati ya nyumba. Nani kijijini ana hati ya nyumba? Tukapewa fomu nyingine, tukarudi, tukaambiwa meneja amesafiri. Mkopo ulipitishwa mwisho wa Januari, riba yake inakaribia moja ya tano. Maghala yalikuwa matupu. Tulirudisha fedha ile tukalipa na gharama ya kuikopa.

Tunachoomba ni kwamba kila msimu, kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa, Bodi itenge sehemu ya korosho za kila chama kwa ajili ya wabanguaji wa ndani waliosajiliwa, wadogo na wakubwa, kwa kadiri ya mashine walizo nazo kweli. Watu wa Bodi waje waione mashine ikifanya kazi, wasiamini karatasi. Bei iwe wastani wa minada ya chama hicho, ili mkulima asipoteze hata senti kwa kumwuzia jirani yake. Chama kilipwe papo hapo kutoka fungu la ushuru, na mbanguaji alirudishe fungu hilo kadiri anavyouza karanga. Korosho zikae ghala lilelile, kwa stakabadhi ileile, zitolewe kidogo kidogo. Atakayechukua ghafi kisha akaiuza kwa magendo anyang'anywe usajili hadharani, kwenye uwanja uleule wa mnada.

Hili halikuanzia kwangu. Ivory Coast, ambao sasa ndio wa kwanza duniani kwa kuvuna korosho, waliwapa wabanguaji wao kipaumbele cha kununua na wakawa wanawaongezea faranga 400 kwa kila kilo ya karanga inayouzwa nje. Ubanguaji wao umepanda mwaka hadi mwaka, na waliowauzia mashine ni pamoja na hao hao Wavietnam. Wao wameamua kumwuliza Mvietnam mashine kabla ya kumwuliza bei.

Nasi tuwaulize. Balozi zetu zinazoshughulika na Vietnam na India zipewe kazi hii iandikwe kabisa. Vijana kumi wa chuo cha ufundi cha VETA Mtwara wakienda kukaa mwaka mmoja kwenye karakana za Binh Phuoc watarudi na kitu ambacho hakuna semina ya hotelini itakayotupa. Mashine yetu moja ilikatika springi, tukangoja wiki saba kuletewa nyingine. Springi, waheshimiwa! Kitu cha kutoshea kiganjani.

Kuna sababu nyingine ya kutoogopa Asia, nayo ni tumbo. Zamani korosho karanga ililiwa zaidi Marekani na Ulaya. Leo mlaji mkubwa kuliko wote ni India, na China ni miongoni mwa wateja wakubwa wa Vietnam. Watu wale wamepata kipato, wanataka vitafunwa vizuri kwenye sikukuu zao, na wako ng'ambo ya bahari yetu. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru wote wa forodha kwa bidhaa za nchi maskini zaidi inazoshirikiana nazo kibalozi, na sisi tumo. Lango hilo liko wazi kwa karanga zetu kama lilivyo wazi kwa ghafi. Kinachotuzuia kulipita ni cheti cha usalama wa chakula, maabara ya kupima sumukuvu, na mifuko isiyoingiza hewa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kikundi cha kijijini kitakimudu peke yake, ila kituo kimoja cha pamoja kwa kila wilaya kinatosha kuhudumia vikundi vyote. Kongani ya viwanda ya Maranje, yaani eneo la pamoja la viwanda vya korosho, ni jambo jema na tunaliunga mkono. Lakini kutoka hapa mpaka Maranje ni mbali kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Kazi ya kukata na kumenya inaweza kubaki vijijini, ya kupima na kufungasha ikawa huko.

Muda tulionao si mwingi, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Kwa sasa tunayo karata nzuri. Korosho yetu inavunwa Oktoba mpaka mwanzo wa mwaka, wakati ya Vietnam, ya India na ya Afrika Magharibi bado iko mtini. Viwanda vyao vinaitaka yetu ili visisimame, na vinaitaka kwa ubora wake. Ndiyo sababu bei ilipanda. Lakini Kambodia, jirani wa Vietnam, imepanda mikorosho kwa wingi na mzigo wake unavuka mpaka kwa lori, hauhitaji meli. Ivory Coast wanabangua zaidi. Wenye kupanga mipango Asia hawalali. Miaka mitano ijayo karata yetu inaweza isiwe na thamani iliyo nayo leo, na sisi tukawa bado tunashona magunia.

Waheshimiwa, dawa ya ubwiriunga inaanza kupulizwa mwezi wa sita. Maua yanatoka mwezi wa saba na wa nane. Mkitaka msimu ujao wabanguaji wapate korosho, mwongozo wa mauzo utakaotolewa kabla ya Oktoba ndio wa kuandika jambo hili, tena uandikwe kwa Kiswahili chepesi, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za vyama vyetu. Nipo tayari kuja Mtwara au Dodoma na daftari la hesabu za kikundi, mlisome ukurasa kwa ukurasa.

Na nyinyi mkija Newala, naomba msije siku ya mnada kama ilivyo kawaida. Njooni Jumanne, siku tunayobangua. Tutawapa viti, kisu cha kumenyea na mafuta ya nyonyo ya kupaka viganjani kabla ya kuanza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na mbanguaji,
Newala, Mtwara